Kifua cha Mama, Kifua cha Baba, Kifua cha Jirani

Katibu ametuomba tuandike maneno tuliyosema katika mkutano mkuu, kwa ajili ya wanachama ambao hawakufika sababu ya mvua na kwa ajili ya wafadhili wetu. Tumeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.



Mwenyekiti alitupa dakika ishirini. Akatuambia: ongeeni juu ya afya ya watoto, lakini msituletee tena ile ya kunawa mikono, hiyo tumeshiba. Haya. Leo hatukuja kwa kunawa mikono, ijapokuwa itabidi tuitaje mara moja, mtatusamehe. Tumekuja kwa ajili ya mtoto anayezaliwa kabla ya wakati wake. Wale waliokaa Lugufu na Nyarugusu wanamwita mtoto njiti, kwa sababu ni mwembamba kama njiti ya kibiriti. Hapa maternite wanasema prematire. Kwa lugha ya hesabu ni yule aliyezaliwa kabla ya juma la 37 la mimba. Na hata kama mama hajui hesabu ya majuma, mizani inajua: mtoto aliye chini ya gramu 2500 ni mdogo, anahitaji ulinzi wa pekee.

Tunataka kuanza na mtoto tuliyempoteza. Tunasema «tuliyempoteza» kwa sababu na sisi tulikuwa ndani.

Ilikuwa wakati wa kutoa mihogo. Mama mmoja, mwanachama mwenzetu, alishikwa na uchungu shambani, mbali na barabara, mimba ikiwa na miezi saba na kitu. Mtoto akazaliwa kwenye kibanda cha shamba, akalia. Kidogo, lakini akalia. Wenzake wakafanya kila kitu kwa moyo safi: wakamfuta, wakamfunga katika kikwembe cha kwanza, cha pili, cha tatu, wakabaki wanaona pua tu. Sisi tulikuwa tunapita na moto ya kazi. Tukambeba mama na shemeji yake, na mtoto akiwa mikononi mwa shemeji, katika ile mizigo ya vikwembe. Sisi wenyewe, watu wa chuo, watu wa semina, tulimwambia: «Mufunge muzuri, kuna upepo wa ziwa.» Njia ilichukua karibu saa mbili, maana tulisubiri maji ya mto yapungue. Tulipofika kituo cha afya, muganga akafungua kikwembe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ndani mtoto alikuwa baridi kama samaki. Kipima joto kilisema nyuzi 34 na kidogo. Mtoto wa kawaida anatakiwa kuwa kati ya 36.5 na 37.5. Usiku ule ule akatuacha.

Mama yake aliuliza swali moja tu: «Tulimufunika vibaya?»

Mama, hapana. Hamkumfunika vibaya. Shida ni kwamba nguo haina moto wake. Kila mmoja hapa anajua chupa ya chai. Ukitia chai ya moto, jioni bado ni moto. Ukitia maji ya mtoni, jioni bado ni maji baridi. Chupa haipikishi kitu, inatunza kile ilichopewa. Mtoto mkubwa, wa kilo tatu, ana mafuta chini ya ngozi na anaweza kutengeneza joto, basi kikwembe kinamtunzia. Huyu mdogo ngozi yake ni nyembamba kama ganda la kitunguu, mafuta karibu hana, na joto linamtoka upesi kuliko anavyoweza kulitengeneza. Ukimfunga katika vikwembe vitatu unatunza baridi yake.

Na njiani, pale pale kwenye moto, kulikuwa na vifua viwili vyenye joto la nyuzi 37, bila umeme, bila petroli. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema: fungua nguo, muweke juu ya ngozi.

Sisi tulijua kwamba kitu hicho kipo. Tulikisoma. Lakini kichwani mwetu kilikuwa ni kitu cha hospitali, kinachoanza baada ya siku mbili tatu, mtoto akishatulia, muganga akishaandika kwenye karatasi. Hatukuona kwamba dakika ile, kwenye barabara ile, ndiyo ilikuwa saa yake.

Sasa tuseme njia hii ilitoka wapi, maana kuna wababa hapa wanaofikiri ni mambo ya wazungu kuja kutujaribu. Ilianza mwaka 1978 huko Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, katika hospitali ya wamama maskini. Daktari Edgar Rey Sanabria, na baadaye mwenzake Héctor Martínez, walikuwa na shida ambayo ninyi mnaijua vizuri kuliko mtu wa Ulaya: watoto wengi wadogo, kuvezi chache. Kuvezi ni ile sanduku ya kioo yenye joto. Walikuwa wanaweka watoto wawili, watatu katika kuvezi moja. Wakaambukizana, wakafa. Na wamama waliorudishwa nyumbani bila mtoto, wengine hawakurudi kumchukua. Basi wakajaribu kumpa kila mama mtoto wake kifuani, ngozi kwa ngozi, masaa yote. Mfano waliupata kwa kangaruu, mnyama wa Australia, ambaye mtoto wake anazaliwa mdogo kama harage na kumalizia kukua ndani ya mfuko wa tumbo la mama. Ndiyo maana inaitwa njia ya kangaruu. Hapa hatuna kangaruu. Tuite kifua, inatosha.

Kwa hiyo, wababa, hii haikutoka kwa matajiri. Ilitoka kwa watu waliopungukiwa, na baadaye matajiri ndio waliokuja kujifunza kwao.

Mpaka juzi juzi, maagizo yalisema mtoto atulie kwanza ndipo awekwe kifuani. Halafu ukafanyika utafiti mkubwa katika nchi tano: Ghana, Nigeria, Malawi, India na Tanzania. Walikuwa watoto zaidi ya 3200, wenye uzito wa gramu 1000 mpaka karibu 1800. Kundi moja walianza kifua mara tu baada ya kuzaliwa, wakakaa karibu masaa 17 kila siku. Kundi lingine walisubiri watulie, kama desturi. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Katika lile kundi la kusubiri, kwa watoto 100, karibu 16 walikufa kabla ya siku 28. Katika kundi la kuanza mara moja, walikufa 12. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu ilionekana si haki kuendelea kuwacheleweshea wengine. Mwaka uliofuata, 2022, Shirika la Afya Duniani likabadilisha maagizo: mtoto yeyote aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo, awe hospitalini au nyumbani, awekwe kifuani upesi iwezekanavyo, masaa 8 mpaka 24 kila siku.

Wanne katika mia. Mtu anaweza kusema ni kidogo. Tazameni benchi lile la mbele, wale vijana wanne waliokaa pale. Ni wale.

Tuseme ukweli wote. Utafiti ule ulifanyika katika hospitali zenye wauguzi wa kutosha na mashine za kusaidia kupumua. Kwetu hakuna. Mtoto ambaye hapumui mwenyewe, ambaye mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa, anayeguna, aliyebadilika rangi ya bluu mdomoni, huyo anahitaji muganga na hospitali kubwa, na kifua peke yake hakitamponyesha. Lakini anaendaje kule? Kama muganga hajasema vingine, anaenda juu ya kifua. Hilo ndilo tulilokosa siku ile.

Sasa namna ya kufanya. Tumekuja na mwanasesere wa vitambaa, lakini gazeti halina mwanasesere, basi tutasema kwa maneno. Mtoto anabaki uchi, anavaa kushi, kofia na soksi tu. Mama anafungua kifua, hana sidiria, hana singlendi katikati. Mtoto anasimamishwa katikati ya maziwa mawili, kifua chake juu ya kifua cha mama, mikono imekunjwa, miguu imekunjwa kama ya chura. Kichwa kinageuzwa upande mmoja, kidevu kimeinuliwa kidogo, isiwe amekunja shingo, maana akikunja shingo njia ya hewa inaziba. Hapo ni pa kukazia macho, tumeona wamama wanafunga vizuri kila kitu halafu uso wa mtoto unazama ndani ya kifua. Pua na mdomo lazima vionekane muda wote. Kisha kikwembe kinafungwa kukazwa, makali yake ya juu yakifika chini ya sikio, na fundo nyuma. Likazwe kiasi gani? Mama akisimama, mtoto asiteleze. Lakini tumbo la mtoto lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Juu yake mama anavaa shati au koti lake la kawaida. Anaweza kutembea, kusafisha lengalenga, kuongea na wageni. Wakati wa kulala analala nusu ameketi, ameegemea mito au gunia la nguo, si kulala gorofa.

Mikono inanawiwa kabla ya kumshika. Tulisema tutaitaja mara moja. Imepita.

Chakula: maziwa ya mama, na yale ya kwanza ya manjano yasimwagwe. Kuna tate mmoja alituambia ni uchafu. Tulibishana naye nusu saa, mwishoni akasema sawa, lakini mkwe wangu akiugua mtanijibu ninyi. Mkwe wake hakuugua. Mtoto ambaye hajafika majuma 34 mara nyingi hajui bado kunyonya na kumeza na kupumua kwa mpango mmoja. Huyo mama anamkamulia, anampa kwa kikombe kidogo kilichosafishwa, pole pole, kila baada ya masaa mawili au matatu, usiku na mchana. Aliye mdogo zaidi muganga anampitishia mpira mwembamba puani. Biberoni hapana. Ni ngumu kusafisha, na kwetu maji tunayajua. Kumwogesha, hapana haraka. Siku ya kwanza kabisa hapana, na kwa huyu mdogo ngojeni muganga aseme.

Anakaa kifuani mpaka lini? Mtoto mwenyewe atasema. Akifika karibu kilo mbili na nusu ataanza kuhangaika, kusukuma miguu, kutaka kutoka. Hapo amemaliza.

Akisahau kupumua, na watoto hawa husahau, unamsugua mgongo au nyayo, anakumbuka. Akikataa kunyonya, miguu ikawa baridi hata akiwa kifuani, akawa moto sana, akishtuka-shtuka, viganja na nyayo zikiwa za manjano, hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Na jambo moja la maneno ya watu. Tunasikia kila mahali: mtoto wa miezi saba anapona, wa miezi nane anakufa. Si kweli. Kila juma tumboni linamwongezea nguvu, wa nane anamzidi wa saba. Tunalisema kwa nguvu kwa sababu tumeona mtoto wa miezi nane ameachwa pembeni, watu wakisubiri tu. Hajapewa hata jina.

Tuje kwenye kuvezi yetu. Wafadhili, hapa tunaomba mvumilie.

Miaka iliyopita, tulipoandika mradi, tuliomba kuvezi. Sisi ndio tulioiomba, hakuna aliyetulazimisha. Tulifikiri mashine ndiyo maendeleo. Ikafika, nzuri, ya rangi nyeupe, tukapiga picha na mwenyekiti, picha ikatoka katika gazeti hili hili. Kituo hakina umeme wa kudumu. Sola inatosha taa na simu. Gurupu inakunywa petroli, na petroli ikipanda bei gurupu inanyamaza. Mzalishaji alituambia kwa upole: «Nikiwasha saa tatu nikizima saa tano, mutoto nimemupikisha na kumugandisha siku moja.» Leo juu ya ile kuvezi wanaweka madaftari na makatoni ya glavu. Tunapita pale kila mwezi, tunaiona. Hatusemi kuvezi ni mbaya; hospitali yenye umeme na wauguzi inaihitaji. Tunasema kwa bei ya kitu kile tungeweza kufanya jambo lingine, na jambo hilo ndilo tunataka kuwaeleza.

Maana mtasema: kama ni kifua tu, mbona mnaomba pesa?

Hesabu masaa. Agizo ni masaa 8 mpaka 24. Tuseme mama anabeba 17 kama wale wa utafiti. Nani analima? Nani anachota maji? Watoto wengine watatu nyumbani wanakula nini? Tulipokuwa kambini, tuongee wazi, maisha yalikuwa ya kufungwa, lakini chakula kilikuja kwa mgao, hospitali ilikuwa ni mwendo wa mguu, na mama angeweza kulala wodini majuma matatu bila nyumba kuanguka. Hapa shamba ndilo mgao. Tulishuka kwenye meli hapa Baraka, kila familia na mabati yake na sufuria zake, wengine wakakuta kiwanja chao kina mtu. Majuma matatu bila palizi ni msimu mzima umekwenda. Kwa hiyo mama anafanya hesabu ambayo hakuna mwalimu wa chuo angeiweza: anaondoka maternite siku ya tatu, mtoto ana gramu 1500, anamfunga mgongoni, anakwenda shambani. Mgongoni, juu ya blauzi! Na muganga anaandika kwenye daftari: «ametoroka.» Hakutoroka. Amekwenda kutafuta bugali.

Na kuna kitu cha pili ambacho ni cha kwetu sisi waliorudi. Mama mkwe alibaki Tanzania. Dada yuko Burundi. Shangazi alikufa njiani. Mwenye ukoo wa kijiji kizima ana vifua kumi vya kumsaidia. Mwenzetu ana mume na jirani ambaye wamejuana miezi sita.

Kifua hakilazimiki kuwa cha mama. Maziwa ni ya mama, joto ni la mtu yeyote mzima mwenye afya, aliyeoga, asiye na kikohozi wala vidonda vya ngozi. Baba, tate, dada mkubwa. Katika semina ya kwanza tulisema, kwa Kiswahili chetu cha Kasulu, «hata bibi anaweza kumbeba mtoto.» Mzee mmoja akasimama: «Bibi yangu njo mama ya mutoto, sasa munasema nini kipya?» Tulikuwa tumesahau kwamba hapa nyumbani bibi ni mke. Tangu siku hiyo tunasema tate.

Tumalize na mapacha, maana wengi mnawafahamu na wanaonekana kila Jumapili.

Walizaliwa mwezi wa mvua kubwa, mmoja gramu 1450, mwingine 1300. Mzalishaji hakusubiri. Mkubwa alikwenda kifuani kwa mama dakika zile zile, mdogo kwa jirani aliyemsindikiza, mwanamke ambaye hata si wa kabila lake. Baba alikuwa ziwani, kwenye ndagala. Alipofika asubuhi mzalishaji akamwambia: «Baba, vua shati.» Akakataa. Akasema yeye si mwanamke, akasema ananuka samaki. Mzalishaji akamwonyesha beseni na sabuni. Akatoka nje. Tulidhani amekwenda zake. Akarudi ameoga, nywele zinadondosha maji, akaketi kwenye kiti cha plastiki akitazama ukuta. Tukamwekea yule mdogo. Hakusogea kwa masaa mawili, hata mkono. Baadaye alituambia: «Niliogopa nikipumua sana nitamwangusha.»

Lakini siku ya tano wakataka kuondoka. Sababu ni zile zile: nyumbani kuna watoto wawili, mihogo iko imelowekwa inaoza, na chakula cha mlinzi wa mgonjwa hakuna. Wamama wa kikundi cha likelemba cha mtaa wao ndio waliofanya kazi ambayo mradi wetu haukuiandika. Walikaa chini ya mwembe wakagawana siku, kama wanavyogawana zamu za pesa. Jumatatu fulani analeta bugali na sombe, mchana anabeba mtoto masaa manne mama alale. Jumanne fulani. Wawili wakatoa mihogo majini, wakaianika. Mtu mmoja akawachukua wale watoto wawili. Hakuna aliyelipwa. Siku ya 26 mdogo alikuwa na gramu 1820, ananyonya mwenyewe. Wakarudi nyumbani na wakaendelea kifua huko huko, kwa kupimwa kila juma.

Tulipokaa tukahesabu yaliyotumika kweli katika siku zile 26: unga, maharagi, mafuta, sabuni, moto mbili za kwenda hospitali kubwa kuchukua dawa, vikwembe vinne, kofia mbili zilizofumwa na kijana mmoja wa hapa hapa. Hesabu iko kwa mweka hazina, mfadhili anayetaka aiombe, na haifiki hata kizingiti cha bei ya ile mashine iliyobeba makatoni.

Basi tunachoomba kamati iamue ni hiki. Katika mfuko wetu wa kusaidiana tunalipa matanga na tunalipa upasuaji wa kuzaa. Tunaomba iongezwe safu ya tatu: mtoto mdogo. Mwanachama akizaa mtoto chini ya kilo mbili, mfuko unatoa chakula cha mama na cha mlinzi wake mpaka aruhusiwe, na kikundi cha mtaa kinatoa vifua na mikono ya shambani kwa zamu. Kwa wafadhili tunaomba msitutumie mashine mwaka huu. Mtusaidie kujaza safu hiyo kwa misimu miwili, mlipe mafunzo ya wazalishaji na wa reko wa vijiji vya mbali, na mizani mizuri yenye kusoma gramu kumi kumi. Mizani ya sasa inasoma nusu kilo, ni ya kupimia mbolea.

Baada ya hapo watu waliuliza maswali. Tunaandika matatu.

Mama mmoja aliuliza kama mapacha wawili wanaweza kukaa kifua kimoja. Ndiyo, wanaweza, kila mmoja upande wake, lakini mtu anachoka upesi, bora vifua viwili.

Kijana mmoja wa moto aliuliza: «Ninabeba mama na mutoto wa namna hiyo, mimi nifanye nini?» Swali zuri kuliko yote. Endesha pole pole, mtoto awe ngozi kwa ngozi na mama, kofia kichwani, koti la mvua juu ya wote wawili lakini pua iwe wazi, na kila baada ya dakika kumi simama, mwulize mama: anapumua? Vijana wa stendi wameomba tuwafundishe wote, tumepanga Ijumaa.

Na mwanamke mmoja aliyekaa nyuma aliuliza, bila kusimama, kama yule wa kwanza, wa kibandani, angepona kama angewekwa kifuani. Tulimtambua sauti. Tulimjibu kwamba hatujui, kwamba alikuwa mdogo sana na njia ilikuwa ndefu, lakini angefika akiwa na joto zaidi, na kosa la vikwembe lilikuwa letu sisi tuliosema «mufunge muzuri», si lake. Akaitika kwa kichwa. Baada ya mkutano alikuja mezani akaomba aandikwe kwenye orodha ya wanaobeba.

Orodha hiyo iko kwa katibu. Kwa sasa kuna mama mmoja maternite, mtoto ana gramu 1600 na leo ni siku yake ya tisa. Jumatatu na Jumatano zimepata watu. Jumanne na Alhamisi mchana bado ziko wazi.